Mabua ya Kiangazi: Mwongozo wa Kulisha Bakteria Kabla ya Ng'ombe

Mahindi yakishavunwa, shambani hubaki mabua na bandani hubaki ng'ombe anayekabiliwa na miezi mitatu au minne ya ukame. Mfugaji wa Arumeru, Kondoa, Meru au Machakos anakijua kinachofuata. Hori limejaa, ng'ombe anatafuna kutwa, tumbo limetuna, na bado ndoo ya maziwa inazidi kuwa nyepesi wiki hadi wiki. Wengi huhitimisha kwamba bua kavu halina kitu, kwamba linajaza tumbo tu. Hitimisho hilo linatugharimu sana. Kilo moja ya mabua makavu ikichomwa motoni hutoa joto karibu sawa na kilo moja ya punje za mahindi. Nishati imo. Imefungiwa ndani ya kuta za chembe za mmea, na ufunguo wake hauko kwa ng'ombe. Uko kwa bakteria wanaoishi tumboni mwake. Ndiyo maana mwongozo huu una shauri moja ambalo mengine yote yanatokana nalo: unapopanga chakula cha kiangazi, jiulize kwanza bakteria watakula nini, ndipo ujiulize ng'ombe atakula nini.

Tuanze na jambo linaloonekana kama kitendawili. Unga wa ugali na bua lililozaa mahindi hayo vyote vimejengwa kwa sukari ileile, glukosi, iliyoungwa katika minyororo mirefu. Tofauti iko kwenye kiungo. Katika wanga wa punje, glukosi zimeungwa kwa namna inayoufanya mnyororo ujikunje na kuacha nafasi, nasi tunaanza kuukata tangu mate yanapougusa mdomoni. Katika selulosi ya bua, kila glukosi imegeuzwa kichwa chini miguu juu ikilinganishwa na jirani yake. Matokeo yake mnyororo unanyooka kama uzi uliovutwa, nyuzi zinalala ubavu kwa ubavu, zinashikana, na maji hayapati pa kupenya. Ng'ombe hana kimeng'enya hata kimoja cha kukata kiungo hicho. Mbuzi hana, kondoo hana, wala wewe huna. Nyuzi hizo zimezungukwa na hemiselulosi, ambayo ni mchanganyiko wa sukari nyingine, hasa zailosi, na juu ya yote mmea unapokomaa humimina lignini, kitu kigumu kinachofanya kazi ya saruji katikati ya nondo. Bua lililokauka shambani ni nguzo ya zege kwa kipimo chake.

Anayeibomoa nguzo hiyo anaishi kwenye rumeni, lile tumbo la kwanza la mnyama anayecheua. Kwa ng'ombe mkubwa tumbo hilo hubeba zaidi ya lita 100, giza tupu, joto la nyuzi 39, oksijeni karibu hakuna. Katika kila mililita ya maji yake wamo bakteria wanaofikia bilioni 10, pamoja na protozoa na kuvu. Wengi wao hawagusi selulosi kabisa. Wanakula wanga, sukari nyepesi, au mabaki ya wenzao. Wavunja nyuzi hodari ni wachache, na watatu wamechunguzwa kuliko wengine: Fibrobacter succinogenes, Ruminococcus flavefaciens na Ruminococcus albus. Ilichukua muda mrefu kuwajua kwa sababu hewa huwaua. Mmarekani Robert Hungate ndiye aliyebuni namna ya kuwakuza kwenye mirija isiyo na oksijeni, na kitabu chake kuhusu rumeni na vijidudu vyake, kilichotoka mwaka 1966, ndicho kilichoweka msingi wa taaluma hii. Wakishamaliza kazi, bakteria hawa hawamwachii ng'ombe sukari. Sukari wanaila wao, na kinachobaki ni asidi nyepesi: asetati, propionati na butireti. Ukienda buchani utaona utumbo ambao wengi huuita taulo, wenye vinyweleo vingi vya nyama vilivyosimama. Huo ni ukuta wa rumeni, na vile vinyweleo ndivyo vinavyofyonza asidi hizo kuziingiza kwenye damu. Karibu asilimia 70 ya nishati anayoitumia ng'ombe hupitia hapo. Asetati inatengeneza mafuta ya maziwa. Propionati inageuzwa glukosi kwenye ini, na kutokana nayo kiwele hutengeneza sukari ya maziwa.

Hebu tusogee karibu zaidi, kwa sababu ushauri wa vitendo umefichwa hapa. Bakteria mvunja nyuzi hamwagi vimeng'enya vyake ovyo kwenye maji. Anajibandika kwanza juu ya kipande cha jani, na vimeng'enya vinafanya kazi palepale alipojibandika. Kimoja hukata mnyororo wa selulosi katikati. Kingine hushika ncha iliyotokea na kutembea nayo, kikimega vipande vya glukosi mbilimbili. Cha tatu huvitenganisha viwili hivyo kuwa kimoja kimoja. Pembeni yao kuna vimeng'enya vya hemiselulosi, na vingine vidogo vinavyokata kile kiungo kinachoifunga hemiselulosi na lignini, maana kisipokatwa hicho, vikubwa havipati njia. Ruminococcus flavefaciens amepiga hatua zaidi: amevipanga vimeng'enya vyake kwenye uti mmoja wa protini uliotokeza nje ya mwili wake, kila kimoja kikiwa kimechomekwa kwenye tundu lake, kama fundi aliyevaa mkanda wenye nyundo, patasi na msumeno. Mpangilio wa namna hiyo ulielezwa mara ya kwanza mwaka 1983 na Edward Bayer na Raphael Lamed, walipokuwa wakichunguza bakteria mwingine, Clostridium thermocellum, na ukapewa jina selulosomu.

Sasa, ikiwa rumeni ina mafundi wa namna hii, kwa nini bua linapita nusu likiwa zima na kutokea kwenye kinyesi? Jibu rahisi lingekuwa kwamba vimeng'enya havitoshi. Ushahidi unasema vinginevyo. Mwaka 2011 watafiti nchini Marekani walitia nyasi kwenye mifuko midogo ya nailoni, wakaiweka ndani ya rumeni ya ng'ombe kwa saa 72, kisha wakasoma vinasaba vya vijidudu vilivyong'ang'ania nyasi hizo. Walipata jeni 27,755 zinazoelekea kuwa za vimeng'enya vya kushughulikia sukari za mimea. Ghala la zana limejaa pomoni. Mbinu hiyohiyo ya mfuko wa nailoni, ambayo Egil Ørskov na wenzake wa Taasisi ya Rowett kule Aberdeen waliifanya kuwa kipimo cha kawaida mwishoni mwa miaka ya 1970, inaonyesha jambo la pili. Mfuko wenye majani makavu hupimwa baada ya saa kadhaa, baada ya siku moja, mbili, tatu, nne. Saa za mwanzo hakuna kinachopungua zaidi ya vile vilivyoyeyuka majini, kwa kuwa bakteria bado wanajibandika. Kisha kasi inapanda. Na kasi hiyo hubadilika kwa majani yaleyale kutegemea mnyama amelishwa nini kingine. Jani ni lilelile na bakteria ni walewale. Kilichobadilika ni hali wanamofanyia kazi. Hoja yangu yote imesimama hapo: kinachopungua wakati wa kiangazi ni mahitaji ya mfanyakazi, na shilingi yako ya kwanza iende kwenye mahitaji hayo.

Hitaji la kwanza, na kwa mbali lililo kubwa, ni naitrojeni. Kimeng'enya ni protini, na bakteria mwenyewe akigawanyika kuwa wawili anahitaji protini ya mwili mzima. Wavunja selulosi wana tabia ya pekee: wengi wao hupendelea kuijenga protini yao kutokana na amonia iliyo kwenye maji ya rumeni. Amonia ikipungua, hawazaliani, vimeng'enya havitengenezwi, na majani yanakaa tumboni bila kuvunjwa. Tumbo likikaa limejaa, ng'ombe anaacha kula. Watafiti wa malisho ya tropiki nchini Australia walionyesha tangu miaka ya 1960 kwamba majani yenye protini ghafi (kipimo kinachokokotolewa kutokana na naitrojeni iliyomo) chini ya asilimia 7 hivi, mnyama huanza kuyala kidogo hata yakiwa mengi mbele yake. Mabua ya mahindi yana asilimia 3 hadi 5. Kwa hiyo yule ng'ombe anayesusa hori kumbe hadeki. Tumbo lake limeziba.

Chukua kalamu tufanye hesabu. Tuseme ng'ombe wako anakula kilo 10 za mabua makavu yenye protini asilimia 4. Hizo ni gramu 400. Ukimwongezea majani ya lusina yenye uzito wa kilo 2 baada ya kukauka, na majani hayo yana protini kama asilimia 22, umeongeza gramu 440. Jumla ni gramu 840 ndani ya kilo 12, yaani asilimia 7, mstari uleule tuliouona. Kilo 2 za majani makavu ni kama kilo 7 au 8 yakiwa mabichi, mzigo ambao mtu mmoja anakata asubuhi kwenye mpaka wa shamba. Yakifika kilo 3 makavu, unavuka asilimia 8. Hesabu hii ndogo inaeleza kwa nini wafugaji wa Embu walipopanda kaliandra kwenye kingo za matuta waliona maziwa yakitengemaa: kilo 3 za majani yake mabichi zilihesabiwa kuwa na protini sawa na kilo 1 ya chakula cha dukani. Kama huna lusina wala kaliandra, tumia gliricidia, desmodiamu, majani ya miforosadi, matembele au maganda na majani ya maharage. Mashudu ya alizeti au ya pamba yanafanya kazi ileile kwa bei kubwa zaidi. Lusina isizidi theluthi ya chakula chote, kwa sababu ambayo nitaifikia.

Faida ya majani ya jamii ya kunde, kama lusina na kaliandra, inazidi kiasi cha naitrojeni. Protini halisi ikivunjwa rumeni huacha asidi fulani zenye matawi, na Fibrobacter na Ruminococcus hawakui vizuri bila hizo. Hawawezi kuzitengeneza wenyewe. Urea, ile mbolea ya dukani nitakayoifikia hapa chini, haina asidi hizo. Kwa hiyo kama una njia ya kupata majani, anza na majani, hata yakiwa machache. Vilevile usisahau jiwe la chumvi ya kulamba lenye madini, maana bakteria huhitaji salfa kujenga protini na fosfori ili kugawanyika, na mabua ni maskini wa vyote viwili. Na maji: ng'ombe anayekula chakula kikavu akinyweshwa mara moja kwa siku, rumeni yake inakuwa nzito kama tope. Weka maji muda wote.

Ambako miti haipo au ukame umekausha kila kitu, dawa ya pili ni kuyatibu mabua kwa urea. Ninatumia neno kutibu kwa makusudi, kwa sababu hili ni tofauti kabisa na kunyunyiza urea kwenye hori, jambo ambalo usilifanye kamwe. Kipimo kilichozoeleka ni kilo 5 za urea na lita 50 za maji kwa kila kilo 100 za mabua makavu. Pima kwa mizani. Yeyusha urea yote mpaka chembe zisionekane. Katakata mabua, yatandaze kwenye shimo lililowekwa nailoni, au juu ya turubai la nailoni nene, safu ya kama sentimita 15. Nyunyiza kwa keni sehemu ya maji yale, kanyagakanyaga kutoa hewa, weka safu nyingine, endelea hivyo mpaka mwisho, kisha funika na uzibe kingo zote kwa udongo. Acha wiki tatu. Kwenye nyanda za baridi acha wiki nne au zaidi. Kinachotokea humo ndani ni kazi nyingine ya vimeng'enya vya bakteria: wale waliokuwa tayari kwenye mabua wana yurease, kimeng'enya kinachoigeuza urea kuwa amonia. Amonia inapenya kuta za chembe, inazivimbisha, na inakata vile viungo vya hemiselulosi na lignini tulivyoviona. Kwa maneno mengine, umemfanyia bakteria wa rumeni nusu ya kazi kabla kipande hakijaingia mdomoni, na juu ya hapo umemwachia naitrojeni. Katika kilo 5 za urea kuna kilo 2.3 za naitrojeni. Sehemu kubwa itapotea hewani ukifungua, lakini inayobaki inatosha kuivusha protini ghafi ya mabua kutoka asilimia 4 hadi 7 au 8.

Ukifungua utajua kama imefaulu kabla hujapima chochote. Harufu ya amonia inapanda puani mpaka macho yanalenga machozi, mabua yamegeuka rangi ya kahawia ya dhahabu, na ukiyavunja mkononi yanapinda kabla ya kukatika. Ukikuta ukungu mweupe au mweusi, hewa iliingia. Sehemu hiyo itupe. Toa kiasi cha siku moja tu, kitandaze kivulini usiku kucha ili amonia ya ziada iondoke, halafu mpe ng'ombe akiwa ameshakula kitu kingine. Wiki ya kwanza changanya kidogo kidogo na mabua ya kawaida. Ndama ambao rumeni yao haijakomaa wasipewe kabla ya miezi sita, wala punda, nguruwe au kuku. Tibu mabua makavu tu. Majani mabichi au yaliyotiwa molasi yakikutana na amonia hutengeneza sumu inayompagawisha mnyama, akakimbia na kujigonga ukutani. Mfuko wa urea na maji yaliyobaki viwekwe mahali ambapo mnyama hafiki. Ng'ombe aliyelamba urea hutetemeka, hutokwa na mate mengi, tumbo hujaa hewa, na huweza kufa ndani ya saa chache. Hapo mwite daktari wa mifugo bila kusubiri.

Maelezo hayo ya hatari ndiyo huwafanya wengi waulize: mbolea ya shambani itapita vipi tumboni isiingie kwenye maziwa? Swali ni la haki. Urea si kitu kigeni mwilini mwa ng'ombe. Ini lake huitengeneza kila siku, na sehemu yake hurudishwa rumeni kupitia mate ili bakteria waitumie tena. Maziwa ya ng'ombe yeyote, hata aliyekula nyasi tu, yana urea kidogo kwa asili. Hatari iko kwenye kasi: amonia ikizalishwa haraka kuliko bakteria wanavyoweza kuitumia, inafurika kwenye damu. Kutibu kwa wiki tatu na kupunga hewa usiku mmoja kunaondoa mfuriko huo, na mabua yenyewe yanawapa bakteria nishati ya kuitumia amonia iliyobaki. Ninayemwonea shaka ni mfugaji anayekadiria kwa macho. Kama huna mizani, azima.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa anayesema: kwa nini nihangaike, si nimpe pumba na chakula cha dukani, maziwa yapande kesho? Yatapanda, na sitamlaumu anayetoa kilo mbili tatu wakati wa kukamua. Shida huanza anapozidisha ili kufidia mabua mabovu. Bakteria wa wanga ni wepesi; wanazaliana haraka na kumwaga asidi. Wavunja selulosi hawavumilii asidi: kipimo cha pH kikishuka chini ya 6 hivi, wanaacha kukua na vimeng'enya vyao vinapoa. Kwa hiyo kilo ya sita ya pumba inaweza kukuongezea nishati yake na wakati huohuo kukunyang'anya nishati ya mabua. Dalili ya mapema ni mafuta ya maziwa kupungua, maana asetati imeshuka. Kinyesi kikiwa laini chenye mapovu na punje nzima ndani yake, ujue mambo yameharibika zaidi. Kinga ya asili ni mate, ambayo ng'ombe mkubwa wa maziwa huyatoa zaidi ya lita 100 kwa siku, yakiwa na bikaboneti ya kuzima asidi. Nayo hutoka anapotafuna na kucheua. Mpe majani kwanza ndipo pumba, na pumba zigawe mara tatu au nne kwa siku. Usiziweke zote asubuhi. Kwa sababu hiyohiyo usisage mabua kuwa vumbi kwenye mashine. Vipande vya sentimita 2 hadi 5 vinatosha: vimefunguliwa ncha na pande, ambako bakteria huingilia kwa kuwa ngozi ya nje ya bua ina nta, na bado ni virefu vya kutosha kumfanya ng'ombe acheue.

Kuna jambo jingine ambalo wafanyabiashara wamelitangulia: paketi za unga wa vimeng'enya, au za bakteria, za kuchanganya kwenye chakula. Kwa kuku mambo hayo yamethibitika. Zailanasi, kimeng'enya cha kukata hemiselulosi, ikiwekwa kwenye chakula cha ngano na shayiri husaidia kweli, kwa kuwa kuku hana rumeni. Kwa ng'ombe matokeo yamekuwa ya kupanda na kushuka, na sababu yake umeshaiona. Unampelekea msumeno mtu mwenye karakana nzima ya misumeno lakini hajala tangu jana. Bakteria wapya nao hukuta nafasi imeshajaa wenyeji. Upo mfano mzuri wa lini jambo hili hufaulu. Lusina ina mimosini, kemikali inayomnyonyoa mnyama manyoya, na ambayo ikivunjwa nusu hudhuru tezi la shingo. Ndiyo sababu ya ule mpaka wa theluthi. Raymond Jones, mtafiti wa Australia, aliona kwamba mbuzi wa Hawaii walikula lusina bila kudhurika ilhali wa Australia waliugua. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 vijidudu vya rumeni ya mbuzi wa Hawaii vilihamishiwa kwa mifugo wa Australia, na ugonjwa ukatoweka. Bakteria aliyehusika alipewa jina Synergistes jonesii mwaka 1992, kwa heshima yake. Alifaulu kwa sababu hakukuwa na mwenyeji wa kazi hiyo. Kwa kazi ya selulosi wenyeji wapo tele. Ndama anawapata kutoka kwa mama yake na kutoka bandani ndani ya siku chache za kwanza za maisha yake. Ukibakiwa na fedha baada ya kutimiza naitrojeni, madini na maji, utaamua mwenyewe kuhusu paketi.

Mwingine atasema: mbona zebu wa wafugaji wanaohama huishi kiangazi chote kwa nyasi kavu bila lusina wala urea? Anaishi, ndiyo.  Zebu anahitaji kidogo, anachagua majani bora kwa ulimi wake porini, na anairudisha urea rumeni badala ya kuipoteza kwenye mkojo. Lakini hata yeye hukonda, huacha kutoa maziwa na huchelewa kushika mimba. Ng'ombe chotara aliyefungwa bandani hana hata hiyo nafasi ya kuchagua. Mpe basi nafasi hiyo wewe: weka mabua mengi kuliko anavyoweza kumaliza, robo zaidi au hata nusu, umwache achague majani na maganda, sehemu zenye lignini kidogo. Vishina vinavyobaki vitandike zizini vikusanye mkojo, virudi shambani kama samadi. Kwa njia hiyo hata anayehofia kuuvua udongo wake nguo kwa kubeba mabua yote anarudishiwa sehemu kubwa. Asiyeridhika na hilo aache shambani nusu ya chini ya bua, ambayo hata hivyo ina faida ndogo kuliko zote kwa ng'ombe.

Kazi inaanzia kwenye mavuno. Kila wiki ambayo bua linasimama juani baada ya mahindi kuvunwa, majani yanapukutika na upepo unayabeba, na majani ndiyo sehemu ambayo bakteria huivunja upesi. Kata mapema, funga matita, hifadhi penye paa. Mvua ikinyea tita, vitu vinavyoyeyuka huondoka na ukungu huingia. Panga kabla ya ukame utakuwa unategemea nini kwa naitrojeni: miti ya mpakani, mashudu uliyonunua wakati wa bei nafuu, au shimo la urea. Kama ni urea, funga shimo la kwanza wiki tatu kabla ya majani mabichi kuisha, na uandae la pili wakati unalisha la kwanza.

Ukishaanza, usitazame ndoo siku ya kwanza wala ya pili. Bakteria wanahitaji wiki mbili hivi kujipanga upya baada ya chakula kubadilika, na kila badiliko la ghafla linawarudisha nyuma. Tazama hori: kiasi kinacholiwa kinapaswa kuongezeka kabla maziwa hayajaongezeka. Tazama ng'ombe waliolala mchana wakiwa wametulia. Angalau nusu yao wawe wanacheua, na kila tonge litafunwe mara 40 hadi 70 kabla ya kumezwa tena. Kisha chukua konzi ya kinyesi, kioshe kwenye chujio chini ya maji, ukitandaze kiganjani. Wiki ya kwanza utakuta vipande virefu vya bua vyenye kingo kali, kama vilivyoingia. Vikianza kuwa vifupi, laini, vyenye ncha zilizochakaa, wale mafundi wamerudi kazini, na maziwa yatafuata.